Pongezi Zilizotaka Kumtoa Darasani

Mwishoni mwa mwaka 2023 mwalimu mmoja wa darasa la kwanza, katika kijiji kilicho juu ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, alihitimu shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Ndani ya mwaka uliofuata alifanyiwa tafrija, akavishwa kanga, akapewa cheti cha pongezi chenye fremu, na akaahidiwa cheo. Mshahara wake haukuongezeka hata senti. Nacho kile cheo kilikuwa na sharti ambalo hakuna aliyelitamka: akikikubali, hafundishi tena.

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa yake. Jina lake, la shule yake na la halmashauri nimeyaacha, kwa sababu wahusika wote bado wako kazini na wanakutana kila wiki. Mimi nafundisha shule nyingine ya kata hiyohiyo. Tafrija niliihudhuria, darasa lake nimelikalia, na yaliyobaki nimeyapata kwake, kwa mwalimu mkuu wake na kwa mtu wa utumishi aliyekubali kunieleza taratibu za ofisi. Ninachotaka tukiangalie ni hiki: mwalimu akijiendeleza mpaka akawa fundi zaidi wa kazi ileile aliyokuwa akiifanya, tunamtambuaje bila kumnyang'anya kazi hiyo?

Aliajiriwa mwaka 2009 akiwa na cheti cha Daraja la IIIA, ngazi ya mshahara TGTS B, akapangiwa darasa la kwanza. Waliomtangulia shuleni pale walilikwepa, na kila mwalimu wa msingi anajua kwa nini. Watoto ni mia na ushee, wengine hawajawahi kushika penseli, wapo wanaolia mpaka saa nne, na hakuna mtihani wa kumjengea mwalimu jina. Shule ikifaulisha, wa darasa la saba huitwa mbele ya wazazi. Wa darasa la kwanza huulizwa kwa nini darasa lake lina kelele. Basi mgeni ndiye hupewa mzigo huo, akishazoeana na mkuu anapanda madarasa ya juu, na mgeni mwingine anaupokea. Huyu hakuomba kuhama. Nilipomuuliza sababu alicheka tu, akasema watoto wadogo hawana unafiki.

Akapanda kwenda TGTS C kama wenzake. Zamu yake ya kupanda tena iliangukia mwaka 2016, wakati upandishaji vyeo ulipositishwa nchi nzima kupisha uhakiki wa watumishi na vyeti vyao. Tunakumbuka orodha ya Aprili 2017, watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wenye vyeti halali walikaa foleni moja na walioghushi, na barua yake ya TGTS D ilikuja ikiwa imechelewa. Miaka hiyo inarudi baadaye katika hesabu, ndiyo maana naitaja.

Mwaka 2017 akaamua kusoma. Walimu wengi husoma kimyakimya, wakihofia kunyimwa ruhusa au kuonewa kijicho, kisha wanashangaa ofisi inapokataa kukitambua cheti ambacho haikukiruhusu. Yeye aliandika barua, ikapita kwa mwalimu mkuu, ikajibiwa kwa maandishi. Nakala ya jibu hilo anayo hadi leo kwenye faili la plastiki, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe. Alianza na stashahada ya elimu ya msingi, akaunganisha shahada, zote Huria, akishuka Mtwara mjini kwenye kituo cha mkoa wakati wa mitihani.

Ada ilitoka kwenye mikorosho ya mumewe. Waliokuwepo huku mwaka 2018 watakumbuka ilivyokuwa: Novemba Serikali ikaamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kubeba. Bei ilipendeza kuisikia, ila fedha kwa wengi zikachelewa mpaka ndani ya mwaka 2019. Alikopa kikoba kulipia masomo, akalirudisha deni msimu uliofuata. Ofisini utasikia "mwalimu amejiendeleza" kana kwamba maendeleo hayo yalishuka kutoka hewani. Mwajiri alitoa ruhusa. Mikorosho ndiyo iliyotoa ada.

Shahada ilifanya nini darasani

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa katika pongezi zote zilizofuata hapa hapakuguswa.

Madarasa yetu mengi ya chini yana chati ya silabi ukutani. Mwalimu anapitisha fimbo, watoto wanaimba kwa pamoja: ma, me, mi, mo, mu. Mgeni akichungulia mlangoni anaondoka akijua darasa linasoma. Mkoa wa Mtwara ulipitiwa na mradi wa Tusome Pamoja, ukaacha vitabu na mbinu nzuri za kufundishia kusoma, lakini semina huisha siku ya semina, na Jumatatu mwalimu anabaki na watoto wake mia. Wimbo unarudi.

Kazi moja ya masomo yake ilimtaka achunguze tatizo la darasa lake mwenyewe. Akawa anawatoa watoto mmojammoja, anakaa nao chini ya mkorosho, anawapa silabi zilezile zikiwa zimeandikwa kwenye vipande vya maboksi na kuchanganywa. Mtoto aliyekuwa akiongoza wimbo mbele ya wenzake alipopewa "mo" peke yake aliinamisha kichwa, akaanza kunong'ona tangu mwanzo, "ma, me, mi", mpaka akaifikia. Mtoto alikuwa anahesabu vituo. Kusoma kwenyewe kulikuwa hakujaanza. Na hakuwa peke yake: walioweza kusoma kipande kilichotoka nje ya mpangilio walikuwa wachache mno kuliko alivyotegemea mwalimu aliyewafundisha kwa mikono yake.

Chati akaishusha, akaikatakata. Nilipokwenda kulikalia darasa, watoto walikuwa wameketi makundi matano, kila kundi na bahasha yake ya kaki. Makundi yalipangwa kwa kile ambacho mtoto bado hajakiweza, urefu na ujirani havikuhesabiwa. Kundi moja lilikuwa bado kwenye sauti za herufi, jingine likiunganisha silabi mbili, la mwisho likiandika sentensi kuhusu mbuzi wa jirani. Yeye alikaa na kundi moja tu kwa kama dakika kumi, manne mengine yakijisukuma yenyewe chini ya viongozi wao wadogo, kisha akahama. Kelele ilikuwepo, tena nyingi, ila ukiisikiliza ilikuwa kelele ya watu wanaosoma.

Mvulana mmoja alisoma "ndama" akasema "dama". Nilitegemea amsahihishe, kama ambavyo ningefanya mimi. Aliweka mezani vipande viwili, "da" na "nda", akamwambia: "Shika pua yako. Sema hiki. Haya, sema na hiki. Pua imetetemeka wapi?" Mtoto akashika pua, akasema cha kwanza, akasema cha pili, macho yakamtoka. Akarudia mara kadhaa huku anacheka, na kundi zima likashika pua. Kisha mwalimu akafungua daftari la kaunta, akaweka nukta ya wino mbele ya jina la yule mvulana. Daftari hilo lina kila mtoto na kila hatua. Mdhibiti ubora wa shule aliyepita mwaka huo aliliomba alipige picha.

Baada ya kufanya hivyo kwa madarasa mawili mfululizo, mwalimu wa darasa la pili alimfuata ofisini akamuuliza: "Mwalimu, hawa watoto umewapa nini?" Maana alizoea kutumia muhula mzima wa kwanza kurudia silabi, na sasa hakuwa na cha kurudia.

Tafrija, na slipu ya mshahara

Tafrija nitaipitisha haraka, ilikuwa njema. Walimu walichanga, wazazi wakaleta kuku, mwenyekiti wa kijiji akasema maneno marefu, akina mama wakapiga vigelegele na kumtunza noti mpaka kanga ikajaa. Kamati ya shule ilitoa cheti kilichochapwa mjini. Wapo wanaozibeza hafla hizi. Mimi sizibezi: kijiji kilimtambua mtu wake kwa lugha yake, kwa fedha yake, na kwa siku iliyotengwa. Wasichana waliokuwa wakigawa soda walimwona mwanamke aliyesoma akiwa na watoto nyumbani, na katika ukanda ambao wengi wao hukatiza shule hilo halikupita bure.

Sasa slipu. Muundo wa utumishi wa walimu unaanzia mahali tofauti kwa kila sifa: mwenye cheti huanzia TGTS B, mwenye stashahada C, mwenye shahada D. Kabla ya nyongeza ya mwaka 2022 tulizijua ngazi hizo za kuanzia kwa kichwa, 419,000, 530,000 na 716,000. Mwalimu mchanga akiitazama ngazi hiyo anaona sababu ya kusoma. Akitoka cheti hadi shahada mapema, anaruka.

Yeye hakuwa mchanga. Wakati anapokea shahada alikuwa ameshafika TGTS D kwa kupanda kwa utumishi wake. Alipoomba kubadilishiwa muundo, ngazi ya kuanzia ya mwenye shahada ikawa ndiyo palepale alipokuwa amesimama. Kwa hiyo kijana aliyehitimu juzi akiajiriwa leo kwa shahada anawekwa D, naye mwenye miaka kumi na minne ya darasa la kwanza, pamoja na shahada hiyohiyo, yuko D. Kilichobadilika ni mbele ya safari, kwamba sasa anasimama katika muundo wa wenye shahada na ukomo wake ni wa juu zaidi. Ila kwa miaka ya karibu, faida taslimu ni sifuri. Na kama asingecheleweshwa mwaka 2016 angekuwa tayari ameipita D, mambo yakawa na utata zaidi, kwa sababu hofu inayozungumzwa sana kwenye ofisi za walimu ni kwamba ukibadilisha muundo unaanza upya kuhesabu miaka ya kupanda. Nawajua waliokifungia cheti kabatini kwa hofu hiyo.

Hata hiyo sifuri ilichukua muda. Nyaraka zake zilifika wilayani Desemba 2023, nakala zimethibitishwa na mwanasheria, barua ya ruhusa ikiwa juu. Hakuna aliyezikataa. Lakini mabadiliko ya muundo lazima yawe kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na kwenye bajeti ya mishahara, mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti ya mwaka ule ilikuwa imeshafungwa. Akaingizwa kwenye maombi ya mwaka uliofuata. Kutoka hapo ni kibali cha Ofisi ya Rais, Utumishi, kisha Tume ya Utumishi wa Walimu iandike barua, kisha afisa utumishi aingize kwenye mfumo. Ikaja Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vikaikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, na kwa siku kadhaa kila aliyekuwa na barua yake njiani alipata kisingizio kizuri. Haikuwa sababu. Sababu ilikuwa kalenda: anayehitimu Novemba amechelewa bajeti ya mwaka huo kabla hajavua joho.

Nilimwuliza yule mtu wa utumishi kama haoni aibu. Alinijibu kwa utulivu, na jibu lake nalileta hapa kwa kuwa si la kijinga. Alisema Serikali hailipi cheti, inalipa nafasi. Shule inahitaji mwalimu wa darasa la kwanza, na nafasi hiyo ni ileile awe na cheti au awe na shahada. Wakilipa kila karatasi, watu watasoma chochote, popote, ilimradi karatasi, na darasani hakitabadilika kitu. Nakubaliana naye zaidi ya nusu. Nawajua wenye shahada mbili ambao chati ya silabi bado iko ukutani. Lakini hoja yake inamgeukia mwenyewe. Kama karatasi si kipimo, basi kipimo kiwe kazi, na kazi ya mwalimu huyu hakuna aliyekuja kuipima. Daftari lake la nukta halina mahali pa kuingia kwenye fomu yoyote. Mwaka 2024 tuliingia PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji kazi, kila mtumishi akijaza humo malengo na utekelezaji wake. Yeye alijaza kama sisi sote: vipindi, maandalio ya masomo, madaftari yaliyosahihishwa, tena kwa kutembea hadi kwenye kichuguu chenye mtandao. Ule mtetemo wa pua haukuwa na kisanduku.

Kiti cha kata

Katikati ya mwaka 2024 aliitwa wilayani. Nafasi ya Afisa Elimu Kata ilikuwa wazi katika kata ya jirani, siku hizi inataka mwenye shahada, naye alikuwa nayo, pamoja na jina zuri. "Hongera, mwalimu, tumeona juhudi zako," ofisa alimwambia. "Kiti kipo, tunataka tukupe." Aliyesema hivyo alikuwa na nia njema kabisa. Katika mfumo wetu hiyo ndiyo zawadi kubwa iliyo mkononi mwa wilaya: posho ya madaraka ya shilingi 250,000 kwa mwezi, pikipiki, na kukaa meza ya wakubwa.

Mwalimu akaomba muda wa kufikiri. Shule nzima ikafikiri pamoja naye. Mwalimu mkuu, ambaye posho yake ni 200,000, alimwambia achukue, maana nafasi kama hizo hazigongi mlango mara mbili. Mumewe alisema achukue, deni la kikoba walikuwa wamelilipa lakini mwana wa kwanza anaingia kidato cha tano. Mwalimu wa darasa la pili hakusema kitu. Mama mkwe wake, bibi asiyejua kusoma, aliuliza swali moja tu: "Na hao watoto wako utawaachia nani, mwanangu?" Akajibiwa ataletwa mwingine. Bibi akasema, "Haya."

Alikataa. Alijibu kwa barua ya nusu ukurasa, ya adabu sana, akishukuru na kuomba aendelee na darasa la kwanza. Yaliyofuata yanaonyesha jinsi tulivyozoea. Wapo waliosema amelogwa. Wapo waliosema ana kiburi cha msomi. Mmoja wa wenzangu, mtu makini, alisema kwa masikitiko kwamba "amepoteza shahada yake." Yaani shahada iliyobaki darasani ni shahada iliyopotea. Sentensi ile ilinikaa kichwani, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Hebu tuangalie njia zote alizonazo mwalimu wa msingi Tanzania za kuonekana amepanda. Awe mwalimu mkuu, anapunguza vipindi na kuongeza mafaili. Awe Afisa Elimu Kata, anatoka shuleni. Ahamie sekondari kwa sababu ana shahada, anawaacha watoto wadogo. Aende wilayani, chuoni, kwenye mradi. Kila ngazi tuliyomjengea fundi wa kufundisha kusoma inamtoa pale watoto wanapofundishwa kusoma. Fundi wa majahazi wa Mikindani akionekana hodari hapewi kazi ya kukusanya ushuru bandarini. Anapewa jahazi kubwa zaidi, na vijana wa kumtazama mikono.

Marekani walilitazama tatizo hilihili wakaunda chombo mwaka 1987, National Board for Professional Teaching Standards, yaani bodi ya taifa ya viwango vya ualimu. Mwalimu anayetaka hujitokeza mwenyewe, hakuna anayemlazimisha. Anapimwa sehemu nne: mtihani wa somo lake, kazi za wanafunzi wake na jinsi alivyowafundisha kwa tofauti zao, video ya darasa lake likiendelea pamoja na uchambuzi wake, na namna anavyotumia takwimu za wanafunzi na kushirikiana na wenzake. Akifaulu, cheti hudumu miaka mitano, kisha ahuishe. Na akikipata, anarudi darasani kwake kesho yake. Jimbo la North Carolina humwongezea asilimia 12 ya mshahara. Jimbo la Washington lina bonasi, na huongeza nyingine kwa anayefundisha shule yenye watoto wengi wa familia maskini, jambo ambalo kwetu lingekuwa na maana kubwa. Si peponi: ada ni dola 1,900, walimu wengi hujilipia au kutafuta mfadhili, na kila jimbo lina lake, mengine yanatoa shukrani tu. Sisemi tuulete huku mzima mzima. Ninachokitazama ni kile wanachopima. Shahada yetu inasema mtu amesoma. Cheti chao kinataka kuona anavyofundisha.

Sisi tuna Sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu ya mwaka 2018, inayohusu usajili na leseni. Ni hatua. Ila leseni hujibu swali la nani aruhusiwe kuingia darasani. Nani mwalimu mwenzake aende kumtazama, hilo ni swali jingine, na kwa hilo tulicho nacho tayari ni MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambamo walimu hukutana katika jumuiya za ujifunzaji shuleni na kwenye kata. Kwa kweli mikutano mingi ya jumuiya hizo niliyokaa ni mtu mmoja anasoma moduli kwa sauti na wengine wanasaini mahudhurio.

Hapo ndipo kisa kilipogeukia, tena bila waraka wowote. Afisa Elimu Kata wetu, baada ya kusikia kwamba mwalimu amekataa kiti cha mwenzake, alikwenda kulikalia darasa lake asubuhi moja. Alitoka akiwa kimya. Wiki iliyofuata alihamisha mkutano wa jumuiya ya kata, wa walimu wa darasa la kwanza na la pili, kutoka ofisini kwake kwenda kwenye lile darasa, saa ya vipindi, watoto wakiwemo. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: nusu saa ya kutazama, kila mgeni akikaa nyuma ya kundi moja, halafu watoto wanatoka kucheza na walimu wanabaki na vipande vya maboksi. Mara ya kwanza tulikuwa wachache, wawili wakiwa wamekuja kwa ajili ya chai. Mwalimu wa shule moja ya mbali aliuliza swali la maana kuliko yote: utafanyaje hivi watoto wakiwa mia na arobaini na uko peke yako? Hakujifanya ana jibu. Wakakaa wakalipangua pamoja, wakakubaliana kuanza na makundi mawili badala ya matano, na wanafunzi wa darasa la sita waje kusaidia dakika ishirini za asubuhi.

Tangu hapo mwalimu mkuu amempunguzia zamu ya wiki, mwalimu mwingine anashika kipindi chake cha mchana siku ya jumuiya, na Afisa Elimu Kata ameandika barua ya ukurasa mmoja kwenda kwenye jalada lake la Tume, ikieleza alichokiona darasani, kwa tarehe na kwa mifano, pamoja na nakala za kurasa tatu za daftari la nukta. Nimeisoma. Haina neno "mchapakazi" wala "hodari". Inasema watoto walikuwa wapi Januari na wapi Oktoba. Siku atakapoombewa kupanda, mtu atakayelifungua jalada atakutana na kazi yenyewe.

Barua ya kubadilishiwa muundo ilitoka baadaye, ndani ya mwaka wa fedha 2024/25, ikiwa na ngazi ileile ya D kama alivyojua. Aliipokea, akaisaini, akaiweka kwenye faili la plastiki.

Kinachokwamisha sasa ni nauli. Walimu wa shule mbili za bondeni wanalipa bodaboda kwenda na kurudi kila wanapokuja kulitazama darasa, kutoka mifukoni mwao, na wakati wa masika hupanda bei mara mbili. Posho ya semina ikitolewa na mradi, watu hujaa. Hapa hakuna posho, na mmoja ameshaacha kuja. Afisa Elimu Kata ameomba halmashauri itenge kiasi kidogo kwenye bajeti ijayo kwa ajili ya usafiri wa jumuiya za kata, na safari hii maombi yaliingia Novemba, kabla vitabu havijafungwa.